Kocha wa Mafowadi Kaletwa, Sawa. Mipira Nani Atamletea Straika?

Wadau, straika ninayemzungumzia simtaji jina, mnamjua. Ni yule aliyepokelewa airport kwa matarumbeta, skafu shingoni, akapostiwa wiki nzima na kila page ya michezo. Leo jamaa akiweka picha hata ya kula chakula na familia, chini kunajaa koment za "rudisha hela za watu". Bao lake la mwisho la ligi hata wanaomtetea inabidi waingie YouTube kulitafuta.

Sasa klabu imetangaza dawa: kaletwa kocha mpya wa washambuliaji, kazi yake ni mafowadi tu. Na mitandaoni naona tayari watu wameshaanza kushangilia, eti mwamba anarudi. Mmoja kaandika "wiki tatu tu mtamtambua". Mimi nasema tupunguze mzuka kidogo. Kocha wa aina hiyo anaweza kumsaidia mtu, tena sana, lakini inategemea mgonjwa anaumwa nini, na hilo sijaona mtu yeyote klabuni akiliuliza.

Kocha wa makipa tumemzoea, hakuna anayemshangaa. Kazi ya kipa inajitenga. Mazoezini anavaa glovu anaenda pembeni na mtu wake, wanadaka, wanapangua, wanatoka kwenye krosi, wanarudi kuungana na wenzao baadaye. Straika hawezi kujitenga hivyo. Yeye ni mtu wa mwisho kwenye foleni. Akikosa bao, kamera inamganda usoni. Kamera hairudi nyuma kutuonesha winga aliyekata ndani mara nne akapiga mwenyewe juu, huku mwenzake kanyoosha mikono miwili kwenye 18 anaomba mpira kama anaita bodaboda.

Mfano mzuri ni Benni McCarthy, na huyu ni mtu wetu kabisa, maana Machi 2025 alikabidhiwa Harambee Stars ya Kenya. Kwanza jamaa mwenyewe alikuwa fundi. Mabao 31 Bafana Bafana, hakuna aliyewafungia zaidi yake. Alibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya na Porto mwaka 2004, na njiani aliwapiga Man United mabao mawili. Julai 2022 Man United wenyewe wakamchukua awanoe washambuliaji wao. Kwa hiyo hapa tunazungumzia kocha wa mafowadi wa daraja la juu, siyo mtu aliyeletwa kwa kujuana.

Angalia sasa kilichotokea kwa Marcus Rashford. Msimu wa 2021/22, kabla McCarthy hajafika, alimaliza na mabao matano mashindano yote. Watu walishamzika. Msimu wa kwanza wa McCarthy akafunga 30. Thelathini! Hapo kila mtu alisema kocha wa mafowadi ndiye mpango mzima. Msimu uliofuata, 2023/24, kocha yuleyule, mchezaji yuleyule, uwanja uleule: mabao manane.

Haya, niambieni. Kama zile 30 ni za kocha, hizi nane ni za nani?

Jibu langu ni kwamba mguu wa Rashford haukusahau kufunga ndani ya likizo moja. Kuna vitu vilibadilika kumzunguka. Kimoja tu kati ya hivyo: Luke Shaw, beki wa kushoto aliyekuwa anapanda naye na kumfungulia njia, alikuwa majeruhi sehemu kubwa ya msimu ule. Benni angemfundisha nini hapo? Amfundishe kufunga krosi ambazo hazipigwi?

Ya Rasmus Hojlund ndiyo inanichekesha zaidi. Msimu huohuo wa 2023/24 dogo alikaa kwenye Ligi Kuu England mpaka tarehe 26 Desemba ndipo akapata bao lake la kwanza la ligi. Miezi! Watu wakamuita garasa. Lakini katika kipindi hichohicho alikuwa ameshapiga mabao matano hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mtu yuleyule, viatu vilevile, kocha wa mafowadi yuleyule. Jumanne au Jumatano anafunga, wikiendi hafungi. Halafu alipoanza kwenye ligi akafunga katika mechi sita mfululizo alizocheza. Hapo huwezi kuniambia alikuwa hajui kufunga. Alikuwa anajua muda wote.

Na Antony je? Alinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 80, akafunga mabao 12 tu katika mechi 96 pale United, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa na McCarthy benchi. Januari 2025 akapelekwa kwa mkopo Real Betis ya Hispania, nusu msimu tu, mabao tisa. Dawa yake ilikuwa kuhama nyumba.

Msinielewe vibaya, siwachukii makocha wa safu moja. Kuna sehemu wanafufua watu kweli, na ushahidi mkubwa ninaoujua unatoka kwenye football ya Wamarekani, ile ya kuvaa helmeti. Kule kila safu ina kocha wake. Kuna watu watano wanaokaa mbele kumlinda mrusha mpira, mibaba ya kilo 140 na kuendelea, na hao wana kocha wao pekee. Pale Philadelphia Eagles kazi hiyo alikabidhiwa Jeff Stoutland mwaka 2013.

Sasa kulikuwa na jamaa anaitwa Mekhi Becton. New York Jets walimchukua mwaka 2020 akiwa chaguo la 11 kwenye draft nzima, yaani mtu wa maana. Goti likamharibia. 2021 alicheza mechi moja, 2022 hakucheza kabisa. Watu wakamcheka mwili, wakamuita mvivu, yale yale mnayoandika nyie huku. Mwaka 2024 Eagles wakamchukua. Stoutland akamtoa pembeni kabisa alikozoea kucheza, akamhamishia ndani, nafasi ambayo hakuwa ameizoea. Februari 2025 Becton alikuwa uwanjani akianza Super Bowl, Eagles wakawapiga Kansas City Chiefs 40-22.

Lakini ona hapo Stoutland alikuwa na nini mkononi. Safu yake ni ulimwengu wake: wale watano wanasimama bega kwa bega na wanajilinda wenyewe, hawasubiri mtu awape mpira. Alikuwa na uwezo wa kumbadilishia mtu nafasi. Na Becton aliwekwa katikati ya wenzake wenye uhakika, hakuachwa peke yake kisiwani. Kocha wa mafowadi wa kwetu hana hata kimoja kati ya hivyo. Mfumo ni wa kocha mkuu. Winga ni wa kocha mkuu. Nani aanze ni kocha mkuu, na wakati mwingine, tuseme ukweli, ni kiongozi fulani mwenye simu.

Ndiyo maana McCarthy akiwa bosi mwenyewe ni habari nyingine. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, mara ya kwanza kabisa Kenya kushiriki, alipangua kundi lenye Morocco na DR Congo akaongoza, na straika wake Ryan Ogam akawafunga Morocco na Zambia. Pale yeye ndiye aliyeamua nani acheze nyuma ya Ogam.

Sasa nirudi kwa jamaa yetu. Kocha mpya atamsaidia kwenye nini? Atamkumbusha kukimbilia nguzo ya kwanza badala ya kusubiri katikati ya mabeki wawili. Atakaa naye na video. Atambakiza baada ya mazoezi wapige mashuti hamsini. Na kubwa kuliko yote, atakuwa mtu mmoja pale kambini ambaye hajamchoka, tena pengine naye aliwahi kuzomewa enzi zake. Hilo la mwisho sisi huwa tunalidharau. Straika asiyejiamini anapata mpira akiwa na sekunde moja na nusu, anatumia sekunde nzima kuwaza mtamuandika nini.

Kinachoniuma ni namna ilivyofanywa. Klabu inapotangaza kwa poster na video kwamba imeleta kocha wa washambuliaji, inawaambia mashabiki kitu kimoja: tatizo letu ni washambuliaji. Kiungo anayepiga pasi za pembeni dakika tisini katoka salama. Winga katoka salama. Viongozi waliosajili straika wa kukimbia nyuma ya mabeki, halafu timu inacheza taratibu na wapinzani wote wamepaki basi, nao wametoka salama kabisa. Mwenye kubebeshwa ni kijana mmoja, na ikifika dirisha dogo hajafunga, mkataba unavunjwa na hakuna atakayeuliza kitu, maana "alipewa mpaka kocha wake". Kijana huyo ana watu nyuma yake wanaokula kupitia ule mguu. Na kocha mwenyewe atafuata mlango huohuo.

Kwa hiyo mechi zijazo mimi mabao sitayahesabu kwanza. Nitakuwa na kikaratasi changu, nahesabu mipira mingapi imemfikia ndani ya 18 akiwa ameangalia goli. Ikifika sita, saba kwa mechi na bado anapiga mawingu, nitakuja hapahapa kuandika kwamba jamaa kaisha. Ikiwa miwili, basi mleteni kocha wa mawinga.

Wewe ungeanza kumtibu nani pale? Shuka kwenye koment, ila familia ya watu muiache.