Utabiri wa Tabibu si Ramli

Ukuta wa ateri ya ubongo ukidhoofika mahali, hutuna kama puto. Uvimbe huo huitwa anyurizimu. Ukipasuka, damu huuzunguka ubongo, na mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, pengine akazimia. Mwaka 1937 Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, aliufunga uvimbe wa namna hiyo kwa kibanio kidogo cha metali. Tangu hapo madaktari wamebuni njia mbalimbali za kuuziba usivuje tena.

Wengi hudhani kwamba uvimbe ukiisha kuzibwa hatari imekwisha. Sivyo. Kati ya siku ya nne na ya kumi na nne hivi baada ya kupasuka, ateri nyingine huweza kujikaza, na sehemu ya ubongo ikafa kwa kukosa damu. Je, ni mgonjwa yupi atakayepatwa na mkazo huo?

Mwaka 1980 C. Miller Fisher na wenzake wa Boston walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 47 waliopigwa picha za ubongo kwa eksirei na kompyuta. Kati ya wagonjwa 24 waliokuwa na mabonge au matabaka mazito ya damu, 23 walipatwa na mkazo mkali. Kati ya 18 ambao damu yao haikuonekana au ilikuwa imetawanyika tu, alipatwa mmoja.

Hii si ramli. Mpiga ramli haonyeshi njia yake, wala hahesabu mara alizokosea. Fisher alieleza njia na akatoa hesabu, ndiyo maana wengine waliweza kumsahihisha. Mwaka 2006 Jennifer Frontera na wenzake, wakitumia wagonjwa 1,355, walionyesha kwamba daraja la nne katika kipimo cha Fisher halikuwa na hatari kuliko la tatu, wakapendekeza madaraja mapya.

Hata hivyo, utabiri ulio sahihi waweza kutumiwa vibaya. Tuseme tabibu aona daraja la juu, akakata tamaa, akapunguza uangalizi. Mgonjwa akifa, utabiri utaonekana umetimia, kumbe tabibu ndiye aliyeutimiza. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko kukosea hesabu. Hesabu ya kundi si hukumu ya mtu mmoja. Kazi yake ni kutuambia ni nani wa kukesha naye. Na kukesha kuna faida: jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1989 lilionyesha kwamba dawa ya nimodipini, ikitolewa kila baada ya saa nne kwa siku 21, ilipunguza wagonjwa walioharibika sehemu ya ubongo kutoka 33 hadi 22 kwa kila mia. Utabiri bora, basi, ni ule unaotuwezesha kuuzuia usitimie.

Walimu wa hisabati na baiolojia hawana budi kuyafundisha haya pamoja. Wanafunzi na waikokotoe 23 kwa 24, kisha waulize: waliohesabiwa walikuwa wangapi, walitoka wapi, na je, hesabu ya Boston yatosha kwa wagonjwa wetu kabla hatujawahesabu wenyewe? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo, akija kuwa tabibu, hatamwacha mgonjwa kwa sababu ya tarakimu.