Mrehani Umo Mkebeni, Haumo Kamusini

Mwezi Machi mwaka huu nilipewa kazi ya kuongoza kikundi cha mjadala cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tulikuwa tukisoma shairi la mapenzi kutoka mwambao, ambamo mtunzi anamfananisha mpenziwe na mrehani. Binti mmoja aliyeketi safu ya nyuma, ambaye kwa kawaida si msemaji, aliinua mkono akauliza mrehani ni nini. Nilimjibu pasi na kusita, jinsi nilivyojibiwa mimi nilipokuwa mahali pake: ni aina ya mmea wenye majani ya kunukia. Akaandika daftarini, kisha akainua mkono mara ya pili.

"Yananukia kama nini, Mwalimu?"

Waama, sikuwa na jibu. Nilisema kwamba tungelirejelea suala hilo wiki iliyofuata, kauli ambayo kila mhadhiri na kila mwanafunzi anaijua maana yake. Kilichonikera si swali lenyewe. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili inachanganua taswira za mimea katika ushairi wa mwambao, na humo nilikuwa nimeandika, kwa mkono usiotetemeka, kwamba mrehani ni ishara ya "uzuri na utulivu." Msimamizi wangu alikuwa ameupigia mstari utulivu huo na kuandika pambizoni neno moja tu: "Umejuaje?" Nilidhani anataka rejeleo. Nikaongeza rejeleo.

Mimi ni mtu wa bara. Nilizaliwa na kulelewa Bungoma, na nyumbani kwetu jani la kutia harufu mchuzini lilikuwa moja: dania. Mrehani, nanaa na mchaichai niliyakuta vitabuni, nikayahifadhi kwa ajili ya mtihani, nikayatema. Sidhani kwamba niko peke yangu. Ninathubutu kusema kuwa wengi wetu katika chama hiki, wanafunzi kwa wahadhiri, tunafundisha majani ambayo hatujapata kuyafikicha kwa vidole. Hoja yangu basi ni nyepesi kuitaja, ingawa nimekwisha kuchekwa kwa ajili yake: kila mwanafunzi wa Kiswahili na aoteshe viungo vya majani katika mikebe, papo hapo anapoishi.

Likizo ya Aprili ilinipeleka Mombasa kwa sahibu yangu, mtaa wa Kibokoni. Mamake ana mikebe kumi na minne juu ya paa la sakafu la nyumba yao. Ipo ya mafuta ya kupikia, lipo debe lililokatwa nusu, lipo hata birika lililotoboka kitako. Nilimwamkia, akaniitikia "Marahaba, mwanangu," na aliposikia kisa changu cha darasani alicheka hadi akatafuta pa kuketi. Hakunieleza kitu. Alipitisha kiganja juu ya mrehani kama anayempapasa mtoto kichwani, kisha akanisogezea kiganja hicho puani. Kwa mbali ilikuwa karafuu, kwa mbali limau, na juu yake ubichi wa majani yaliyokatwa asubuhi.

"Ukiuwata, haunuki," aliniambia. "Uguse ndo unuke."

Msomaji mpenzi, kwa maneno hayo machache sura yangu ya tatu ilianguka. Mrehani uliosimama peke yake dirishani hauna makuu. Harufu yake imo ndani ya jani, inasubiri kuguswa. Ukishauvuruga, mkono wako unanukia hadi jioni. Mtunzi anayemfananisha mpenziwe na mrehani basi hazungumzii utulivu hata kidogo. Anasema kwamba amemgusa, au anatamani kumgusa, na kwamba wameachana ilhali harufu ingali mkononi. Aidha, ndipo nilipofahamu kwa nini mrehani hutiwa katika kikuba pamoja na asumini na mkadi na kuvaliwa karibu na mwili: joto na mwendo wa mvaaji ndivyo vinavyoyaamsha majani. Haya yote nilikuwa nimeyapita mara ishirini maktabani bila kuyaona.

Nilirudi Nairobi nikiwa nimepakata vipandikizi vinne vilivyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa maji. Chumba changu cha kupanga kiko ghorofa ya tatu, Githurai, na kina kijiroshani kinachoelekea mashariki. (Roshani nayo nilikuwa nikiijua riwayani tu.) Nilitafuta mikebe ya kilo 2, nikatoboa kila mmoja vitundu vitano kwa msumari uliotiwa moto, nikachanganya mafungu mawili ya udongo, moja la samadi iliyooza vizuri na moja la mchanga. Wengi hupenda kutandaza kokoto chini ya mkebe ili maji yapite. Mimi niliacha, kwa kuwa kokoto haiharakishi maji kutoka, bali hula nafasi ya mizizi. Muhimu ni vitundu. Mlinzi wa jengo aliniamuru niiondoe mikebe yote, maji yasije yakadondokea nguo za wapangaji wa chini, nasi tukapatana kwa visahani, ambavyo inanilazimu kuvimwaga kila baada ya kunywesha ili mizizi isiozee katika dimbwi.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mrehani ni mtoto wa joto. Wa kwanza ulinifia Juni, majani yamepiga weusi. Wa pili ulifuata Julai. Miwili iliyosalia niliiingiza ndani, nikaiweka dirishani panapopata jua, na sasa imerejea roshani. Nimejifunza kuukonyoa kila unapotaka kutoa maua, juu kidogo ya jozi ya majani, nao hujibu kwa kutoa matawi mawili pale palipokuwa na moja. Pwani mrehani aghalabu ni wa manukato kuliko chungu, lakini Waitaliano waliolowea Malindi wanaula kwa nyanya, nami sasa nawaunga mkono.

Dania ndiyo iliyonifedhehesha. Nilidhani kwamba mmea niliokua nao haungenishinda. Nilinunua mbegu dukani, zile za kutwanga, nikazifukia, nikangoja. Wiki mbili, kimya. Baadaye nilitambua kwamba kile tunachokiita mbegu ya dania ni tunda dogo lenye mbegu mbili ndani yake, na kwamba inafaa kulibinya kwa chupa hadi lipasuke, kisha kuliloweka usiku kucha. Mara ya pili zilichomoza siku ya tisa. Nilifurahi mno, na furaha ikanipotosha: miche ilipofika urefu wa kidole niliing'oa katika kikopo chake, nikaihamishia chungu kizuri nilichonunua barabarani. Ikasinyaa. Iliyopona ilikimbilia kutoa maua ilhali haijanipa hata kachumbari moja, majani yake yamekuwa membamba kama nyuzi.

Hapa ndipo nilipokumbuka vitenzi viwili nilivyopata kuvitahiniwa katika somo la msamiati: kusia na kuatika. Mtihanini nilieleza, kwa usahihi, kwamba kusia ni kutawanya mbegu udongoni na kuatika ni kuhamisha mche kutoka kitaluni. Nikapata alama zote. Lakini sikuwa nimejiuliza kwa nini lugha ilihitaji vitenzi viwili pale ambapo mimi ningetosheka na "kupanda." Dania husiwa, haiatikwi, kwa kuwa mzizi wake mkuu huenda chini moja kwa moja na hauvumilii kuvurugwa. Mrehani husiwa katika kikopo kidogo, kisha ukaatikwa bila malalamiko. Nanaa haina haja ya kusiwa: kata kikonyo, kitie katika glasi ya maji, na baada ya wiki moja au mbili kina mizizi. Mchaichai ni shina la sokoni lenye kitako kizima, nalo hutaka jerikeni la lita 20 lililokatwa, maana likishanoga halina adabu. Kila mmea una kitenzi chake. Anayeishi na mimea hii hawezi kuvichanganya, ilhali mimi mwenye shahada nilivichanganya juu ya chungu cha shilingi 350.

Suala la majina nalo lina vichekesho vyake. Nikiwa shule ya upili niliandika "dania" katika insha, na mwalimu akalikata kwa kalamu nyekundu akaandika "giligilani." Kwa kuwa nilikuwa mtiifu, jioni hiyo nilimwomba mama mmoja sokoni giligilani ya shilingi 5. Akanitazama kwa huruma. "Hiyo siuzi, kijana. Nina dania tu." Mamake rafiki yangu kule Kibokoni anaiita kotimiri. Dania imetoka Kihindi, kotimiri ni ya Kigujarati, giligilani ina asili ya Kiarabu. Majina yote matatu yameingia nchini kwa mlango wa Bahari ya Hindi na yote ni Kiswahili. Wala hayajakaa bure, kwani wapo wanaotofautisha mbegu na jani kwa majina hayo, na tofauti hiyo ina faida jikoni, ambako jani hutiwa mwisho na mbegu hukaangwa mwanzo. Kalamu nyekundu haikujua hilo.

Inanisikitisha kwamba mmoja wa waliotufanyia hisani kubwa katika uwanja huu hakuwa mtu wa lugha. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alitunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili miaka ya 1930. Sisi tuliomfuata, wenye idara na vyama na makongamano, tumeridhika na "aina ya mmea."

Mwenzangu mmoja wa isimu alipousikia mpango wangu aliniuliza kama nitafuga na simba ili nipate kuzisoma tenzi zenye simba. Ni swali la haki. Lakini simba hakai mkebeni. Mimi simtaki mtu aguse kila anachokisoma. Nataka tusijisamehe kirahisi pale ambapo kitu kinapatikana kwa shilingi 10 na maji ya kuoshea mchele. Fauka ya hayo, si siri kwamba baadhi ya mboga zinazouzwa Nairobi hunyweshwa maji taka, na dania tunaila mbichi. Hata asiyejali ushairi ana sababu ya kuota yake.

Ipo hoja nyingine ninayoikubali: wengi wanaishi katika mabweni yasiyo na roshani, na wapo wasimamizi wasiotaka kuona hata ua la plastiki. Hao waanze na nanaa. Huridhika na kivuli nusu na kingo ya dirisha, mradi isikauke, na mradi iwe peke yake, maana ikichanganywa na wenzake itawafukuza.

Mwezi Mei kikundi changu kilipokutana tena nilikuja na majani matatu ya mrehani katika bahasha. Niliyapitisha mkono kwa mkono, nikimngoja yule binti wa nyuma. Aliyafikicha, akanusa, akafumba macho kidogo. Kisha akasema kwamba bibi yake, huko Busia, huchoma matawi ya jani kama hili jioni ili kufukuza mbu, na akalitaja jina lake kwa lugha ya kwao. Huenda ni jamaa yake wa mwituni, kivumbasi, ambao ni wa ukoo mmoja na mrehani. Nilikuwa nimemfundisha kwamba hajui. Kumbe alilokosa ni mtu wa kumwonyesha jani. Harufu alikuwa nayo tangu utotoni. Nusu ya darasa ikaanza kuzungumza kwa pamoja, kila mmoja na jina la kwao, nami nikayaandika ubaoni hadi nafasi ikaisha. Somo la shairi halikukamilika siku hiyo.

Kwa hiyo ninaiomba kamati ya chama itenge madirisha ya ukumbi wa idara yanayoelekea mashariki. Kila mwanachama alete mkebe mmoja uliotobolewa, na juu yake abandike majina yote ya mmea wake anayoyajua, ya kamusini na ya sokoni, pamoja na lile la bibi yake. Zamu za kunywesha zitaandikwa mlangoni, na likizoni nitaichukua mikebe nyumbani kwangu, visahani ninavyo. Nina vipandikizi vya nanaa vya kuwatosha watu sita na miche minane ya mrehani iliyo tayari kuatikwa. Dania kila mtu ajisilie mwenyewe.