Nyota za Skrini na Kitanzi Ndani ya Kitanzi

Takribani kila kitabu cha utungaji wa programu kwa wanaoanza kina zoezi moja lisilokosekana: mwanafunzi aiamuru kompyuta ichape pembetatu ya nyota, mstari wa kwanza nyota moja, wa pili mbili, na kuendelea hivyo hadi wa tano. Wapo walimu wanaolidharau zoezi hili kwa hoja kwamba hakuna mtu aajiriwaye kuchapa nyota. Hoja hiyo haina uzito. Wala hakuna aajiriwaye kukariri jedwali la kuzidisha. Kasoro, kwa maoni yangu, haimo katika zoezi bali katika namna lifundishwavyo.

Namna iliyozoeleka twaijua sote. Mwalimu huandika programu ubaoni, wanafunzi huinakili, nyota hutokea, darasa hufurahi. Kipindi kifuatacho huja mraba, kisha pembetatu iliyopinduliwa, kisha piramidi, na kila umbo lina programu yake ya kukaririwa. Mtihani ukileta umbo lililozoeleka, alama hupatikana. Ukileta umbo geni, mwanafunzi huongeza moja hapa, huondoa moja pale, na kuitazama skrini kama mkulima atazamaye mawingu. Amejifunza maumbo manne, na jambo lenyewe hajalijua.

Jambo hilo kwa hakika ni mambo mawili, na yafaa yatenganishwe. La kwanza ni kwamba kitanzi cha ndani humaliza mzunguko wake wote kabla cha nje hakijasogea hatua moja. Hili saa ya ukutani hulieleza vizuri kuliko sisi: mshale wa dakika hupiga hatua 60, ndipo ule wa saa ufikie namba inayofuata. La pili ni gumu zaidi, nalo ni kwamba kikomo cha kitanzi cha ndani chaweza kutegemea hatua ambayo kitanzi cha nje kimefikia. Hapa saa haitufai tena, kwa kuwa kila saa ina dakika zile zile. Mfano ufaao ni kalenda: huwezi kujua idadi ya siku mpaka kwanza uujue mwezi. Mraba wa nyota ni saa. Pembetatu ni kalenda. Mwalimu akaaye juma zima kwenye mraba hajaligusa kabisa jambo la pili.

Kwa hiyo napendekeza kompyuta izimwe kwanza. Wanafunzi wachukue karatasi ya mirabamiraba, wachore piramidi ya mistari 5, kisha wajaze jedwali lenye namba ya mstari, nafasi tupu zinazotangulia, na nyota. Mstari wa 1 una nafasi 4 na nyota 1. Wa 2 una nafasi 3 na nyota 3. Wa 3 una nafasi 2 na nyota 5. Wa 4 una nafasi 1 na nyota 7. Wa 5 hauna nafasi, una nyota 9. Hapo mwalimu anyamaze, ingawa kunyamaza ndiko kugumu kwetu. Atatokea mmoja atakayesema kwamba nafasi ni 5 kutoa namba ya mstari, na nyota ni mara mbili ya namba ya mstari kutoa 1. Maneno hayo ndiyo programu. Yaandikwe kwanza kwa Kiswahili:

Kwa kila mstari m, kuanzia 1 hadi 5:
    chapa nafasi tupu, mara 5 − m;
    chapa nyota, mara 2m − 1;
    shuka mstari.

Kila neno “mara” hapo ni kitanzi cha ndani. Na mwenzetu wa hisabati asiipoteze fursa: 1 + 3 + 5 + 7 + 9 ni 25, yaani 5 mara 5, na piramidi ya mistari 10 ina nyota 100.

Makosa nayo yasifutwe haraka. Amri ya kushuka mstari ikiingizwa ndani ya kitanzi cha nyota, ile pembetatu ya mistari 5 hugeuka nguzo ya nyota 15. Katika Python, kitanzi kilichoambiwa 5 bila mwanzo huhesabu 0 hadi 4, hivyo mstari wa kwanza hutoka mtupu na wa mwisho huwa na nyota 4. Mwanafunzi aulizwe kwa nini, ajibu kwa penseli kabla ya kurekebisha.

Python hiyo hiyo, iliyotolewa mwaka 1991, huruhusu nyota izidishwe kwa namba, na wajanja hukigundua kitanzi cha ndani kuwa si cha lazima. Sioni sababu ya kuwakemea. Wapewe jedwali la kuzidisha la 12 kwa 12: kila chumba kati ya vyumba 144 kina namba yake, na hila ile haisaidii.

Itasemwa kwamba karatasi ni njia ya shule zisizo na mashine za kutosha. Mimi ningeitumia hata kama kila mtoto angekuwa na yake. Nao watungaji wa mitihani watoe umbo ambalo halijapata kuonekana darasani, wadai jedwali lake kwanza, na nusu ya alama zitolewe kwa jedwali hilo kabla mstari wa kwanza wa programu haujasomwa.