Rimoti ya Winchi Si Uvivu, Lakini Swichi Kubwa Itangulie



Huenda mmoja wenu akauliza, mashua yaingiaje katika gazeti la wakulima? Jibu langu ni fupi. Sisi tulio katika skimu zilizo karibu na maji hatuishi kwa mahindi peke yake. Aliye kando ya Ziwa Viktoria, na aliye Mpeketoni karibu na Ziwa Kenyatta, wajua kwamba mwaka ambao shamba limekataa, samaki ndiye hulipa karo ya watoto. Mashua ya kikundi ni mali kama ng'ombe wa maziwa, nayo yataka kutunzwa. Ikivutwa nchi kavu kila ikirudi, hudumu. Ndiyo sababu vikundi vingine vimenunua winchi ya umeme ya volti 12, inayotumia betri kama ya gari.

Sasa vijana waliosoma kazi ya umeme wanatuambia, "Mzee, twaweza kuitengenezea winchi hii rimoti isiyo na waya." Wazee wengine hucheka, wakasema huo ni uvivu na ni kutupa pesa za kikundi. Mimi naona wazee hao wamekosa. Lakini vijana nao hawajatuambia yote.

Tuwatazame wazee kwanza. Winchi huja na kishikio chenye vitufe viwili, na waya wake ni mfupi. Basi mwenye kukishika husimama karibu na kamba iliyokazwa. Kamba ya chuma ikikatika hali imekaza, hurudi kama mjeledi, na yaweza kumvunja mtu mguu au kumwua. Tena hapo alipo haoni nyuma ya mashua. Kwa hiyo mtu wa pili huwekwa majini apige kelele "Vuta!" na "Simama!", na mara nyingi huyo ni mtoto. Upepo ukivuma sauti haifiki. Lakini mwenye rimoti aweza kusimama kando, mbali na kamba, mahali anapoiona mashua yote. Je, huo ni uvivu? La, hiyo ni akili.

Wala jambo hili si geni. Mwaka wa 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu mjini New York mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio bila waya wowote. Mawimbi na mashua wamejuana tangu zamani.

Sasa niwaambie ambalo vijana hawakulisema, nami nilijifunza kwa aibu. Kikundi chetu kilipoamua kutengeneza rimoti, kijana wetu aliandika orodha ya vitu vya kununua. Katika orodha hiyo palikuwa na swichi kubwa ya kukata betri. Mimi niliyeshika fedha niliifuta, nikasema kwamba kitufe cha kuzimia tunacho tayari. Siku ya kwanza tulipiga makofi. Siku ya nne betri ilikuwa dhaifu. Kijana aliachia kitufe, lakini winchi haikusimama. Mashua ilipanda mpaka ikagonga fremu, na kamba ikakatika, huku mimi nikitafuta spana ya kufungulia waya wa betri. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesimama upande ule. Kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Sababu yake ni hii. Mota ya winchi ikivuta mzigo hula ampea nyingi, makumi kwa makumi, na kwa winchi kubwa hupita 100. Umeme huo hupita katika kontakta, yaani swichi nzito zinazofungwa kwa nguvu ya sumaku. Betri ikiwa dhaifu, sumaku haishiki sawasawa. Kontakta hugonga-gonga, cheche huruka, na vyuma huweza kuyeyuka vikagandana. Vikigandana, hata ukiachia kitufe au ukiitupa rimoti ziwani, winchi yaendelea kuvuta. Dawa yake ni kukata umeme wa betri wenyewe.

Basi ikiwa kikundi chako chataka rimoti, fanyeni kazi kwa utaratibu huu.

Kwanza, nunueni swichi kubwa ya kukata betri, yenye uwezo wa kubeba ampea zote za mota. Ifungwe karibu na betri, kando, mahali ambapo kamba ikikatika haitafika. Wakati wa kuvuta, mtu mzima asimame hapo.

Pili, umeme wa mota usipitishwe katika kipokezi cha rimoti. Relei zake ndogo mara nyingi zimeandikwa ampea 10 tu. Kazi yake ni ileile ya kishikio cha waya, yaani kuziamsha kontakta basi. Ikiwa winchi yenu haina kontakta, zinunuliwe kabla ya rimoti. Wekeni na fyuzi ndogo kwenye waya unaolisha relei.

Tatu, msijitengenezee kirusha mawimbi. Nunueni kipokezi cha volti 12 chenye relei mbili, pamoja na rimoti yake. Vingi hutumia megahezi 433, na katika Kenya mawimbi yote husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kipokezi kifundishwe kuitambua rimoti yenu peke yake. Tena kipangwe hivi: kidole kikiwa juu ya kitufe winchi ivute, kidole kikiachia isimame. Ule mpango wa kubonyeza mara moja winchi ikaendelea yenyewe haufai kabisa.

Nne, kontakta ya kuvuta na ya kulegeza zisiamke pamoja, maana zaweza kuleta shoti kubwa ya betri. Njia ni rahisi. Umeme uingie katika relei ya kwanza. Relei hiyo ikiamka, iupeleke kwa kontakta ya kuvuta. Ikilala, iupitishe kwenda relei ya pili, ambayo ikiamka itaipa umeme kontakta ya kulegeza. Hapo hata mtu akibonyeza vitufe vyote viwili, ni kuvuta tu kutakakofanya kazi. Kishikio cha waya msikitupe, maana betri ya rimoti itakwisha siku moja. Wekeni swichi ya kuchagua waya au rimoti, visipate umeme vyote viwili kwa wakati mmoja.

Tano, wekeni swichi ya kikomo kwenye waya wa kontakta ya kuvuta, ili mashua ikifika mwisho iiguse na winchi ijizime. Lakini kumbukeni, kontakta ikigandana kikomo hakisaidii. Ile swichi kubwa ndiyo itakayowaokoa.

Sita, kazi ikiisha zimeni umeme wote. Kipokezi kinachokula miliampea 10 tu usiku na mchana, kwa siku 30 kitakuwa kimekula zaidi ya ampea 7 za saa katika betri. Nanyi mmekwisha kuona betri dhaifu hufanya nini. Tena rimoti ya lango la jirani haiwezi kuamsha kipokezi kilichozimwa.

Na mwisho, winchi ya mashua ni ya kuvutia mashua. Isitumiwe kumwinua mtu wala kuning'iniza mzigo hewani.

Huenda wengine wakasema orodha hii ni ndefu na pesa ni chache. Ni kweli pesa ni chache. Lakini kama hazitoshi vyote, nunueni swichi kubwa na kamba nzuri mwaka huu, na rimoti ingojee mavuno mengine. Winchi yenye swichi bila rimoti yafaa. Rimoti bila swichi ni hatari iliyopakwa rangi.

Tena nawaombeni wazee wenzangu, msiwakataze vijana hawa. Serikali na wazazi wamelipa karo ili wajifunze kazi, na wakirudi nyumbani wakakuta kicheko, watakwenda kuuza ufundi wao mjini. Wapeni kazi, kisha kaeni nao, mkaiulize kila waya kazi yake. Kijana akiandika kitu cha usalama katika orodha, mshika fedha asikifute kabla ya kumwuliza sababu. Mimi sikuuliza. Tahadhari kabla ya hatari.