Unahodha Hauteuliwi Ofisini

Wapo walimu na maofisa wa michezo ambao hadi leo wanaamini kuwa nahodha wa timu ya vijana ni mtu wa kuteuliwa ofisini, kama karani. Kasumba hiyo hatuna budi kuipiga vita, tena tuanzie vijijini, katika viwanja vya shule kama vile vya Mlali, chini ya milima ya Uluguru.

Vijana wa Mlali ni watoto wa wakulima. Hawahitaji mhadhara ili wajue kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wao ndio wajuao ni nani kati yao humtia moyo kipa aliyefungwa, na ni nani humtukana mwenziwe kwa kukosea pasi. Mwalimu asimamaye pembeni na filimbi hayaoni yote hayo. Kwa nini basi achague peke yake, na mara nyingi amchague mfungaji hodari, au mtoto wa mkubwa?

Tutaambiwa kwamba watoto watachagua marafiki zao na timu itafungwa. Na ifungwe! Aliyechagua vibaya hujifunza kuchagua vema. Aliyechaguliwa kila kitu hujifunza kungoja amri tu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule yao. Aaminiwaye shamba atanyimwaje mpira?

Ubaya wa pili ni mamluki. Kwa uchu wa kombe la UMITASHUMTA au UMISSETA, wapo wanaothubutu kuchezesha vijana wasio wanafunzi wa shule husika, huku mtoto aliyefanya mazoezi mwaka mzima akiachwa benchi. Kombe la namna hiyo ni la nani?

Mwaka 2022, katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, Serengeti Girls walifungwa na Japani mabao 4-0 katika mchezo wa kwanza. Timu isiyoshikamana ingesambaratika hapo. Wao waliwafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakaingia robo fainali.

Ndugu mwalimu, waite vijana wako chini ya mwembe. Wapige kura, na wajue kwamba waliyemweka wanaweza kumwondoa. Kazi yako siku hiyo ni moja: kuhesabu kura kwa haki, na kunyamaza.