Nani Ataezeka Paa la Wote?

Mji wa Sumbawanga unajengwa upya. Tangu mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 na mji huu kufanywa makao makuu yake, na hasa tangu barabara ya kutoka Tunduma ilipotiwa lami kwa fedha za mkataba uliotiwa saini baina ya Serikali yetu na ile ya Marekani mwaka 2008, kiwanja cha katikati ya mji kimepata thamani ambayo wazee waliozoea kukwama njiani katika matope wasingeweza kuibashiri. Hayo ni maendeleo na tunayapongeza. Lakini maendeleo yana tabia ya kuja na maswali yake, na swali moja linalohusu makazi ya wananchi wa kawaida limekaa muda mrefu bila kujibiwa.

Tunazungumzia zile nyumba za zamani, za chini au za ghorofa moja tu, ambazo ndizo zilizoufanya mji huu uitwe mji. Kila msomaji wa mikoani anazijua: duka mbele, baraza ya kukalia wateja na cherehani ya fundi nguo, vyumba vya kuishi nyuma, ua katikati, bomba moja la maji na choo kimoja. Zilijengwa kwa ajili ya familia moja na biashara moja. Leo si hivyo. Aliyejenga amekwisha kufariki, warithi wake wametawanyika Mbeya na Dar es Salaam, mmoja anapokea kodi ya duka, mwingine ya vyumba viwili vya uani, wa tatu amemwuzia mtu baki sehemu yake kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi. Humo humo wamo wapangaji waliokaa miaka ishirini na zaidi, waliolea watoto na kuwaoza. Kwa hiyo jengo ni moja, lakini wenyewe ni wengi. Na kwa kuwa ni wengi, linapofika suala la paa huwa halina mwenyewe.

Uwanda wa Ufipa uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari mahali ulipo mji, na mvua zake huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Bati lililooza kwenye maungio ya mapaa mawili huvujisha maji juu ya ukuta wa kati, yaani ukuta ule ambao chumba cha huku kinasema ni wa kule na chumba cha kule kinasema ni wa huku. Kila mtu hutengeneza dari yake. Mwenye pesa kidogo hupiga lipu ya saruji upande wake, akaona amemaliza kazi. Fundi yeyote mwenye uzoefu atamwambia kwamba ukuta wa matofali yaliyojengwa kwa udongo ukifunikwa kwa saruji, huku maji yakiendelea kuingia kutoka juu, unyevu hukosa njia ya kutokea. Udongo hulainika ndani kwa ndani, na siku moja ukuta huvimba tumbo. Hapo ndipo anapotokea mnunuzi. Huyu hahitaji nyumba, anahitaji kiwanja. Anawafuata warithi mmoja mmoja, anawaambia jengo limekwisha kuwa la hatari, anataja bei, na wapangaji wanasikia habari hiyo wakati mizigo ya matofali mapya imekwisha kumwagwa barabarani.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo kazi ya soko. Sisi hatukubali. Jengo lile halikuangushwa na soko wala na umri. Liliangushwa na kukosekana kwa utaratibu wa kuchangia mabati na misumari.

Utaratibu huo, kwa bahati njema, umekwisha kutungwa. Bunge lilipitisha mwaka 2008 Sheria ya Umilikaji wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya mwaka huo. Kabla yake, hati ilikuwa ni ya kiwanja na jengo zima lilifuata kiwanja. Mwananchi hakuweza kuwa na hati ya vyumba vyake vitatu vya ghorofani peke yake. Sheria hiyo inaruhusu jengo lipimwe na kuchorewa ramani ya sehemu zake, kila sehemu ipate hati yake, na yale yasiyogawanyika, kama vile paa, ngazi, kuta za kubeba jengo, mabomba na ua, yabaki kuwa mali ya pamoja ambayo kila mwenye sehemu ana fungu lake ndani yake. Lililo kubwa zaidi ni kwamba wenye sehemu hawaachiwi hiari ya kupatana au kutopatana. Wanakuwa chama kinachotambuliwa kisheria, chenye kanuni, chenye uwezo wa kudai michango na kushtaki asiyetoa. Sheria haisemi popote kwamba jengo sharti liwe la ghorofa kumi. Hata hivyo, imezoeleka kuizungumza kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya minara ya Dar es Salaam tu, yenye lifti na walinzi wenye sare, ilhali ni nyumba ya chini ya mjini Sumbawanga, yenye warithi sita na paa linalovuja, inayoihitaji zaidi.

Wengine, na hasa miongoni mwetu sisi tuliolelewa katika siasa ya Chama, wanaiona hati ya namna hii kwa wasiwasi. Wanauliza kama si ubinafsi kumkatia kila mtu kipande chake. Wasiwasi huo una historia yake ya heshima. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, kuipinga fikra ya kuigeuza ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa na watu binafsi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 bado inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Lakini hati ya sehemu haigusi msingi huo. Kinachogawanywa ni chumba. Ardhi chini yake haikatwi vipande, na paa juu yake linatamkwa kwa mara ya kwanza kuwa la wote, kwa maandishi. Ukiitazama vizuri, sheria hii ina ujamaa mwingi ndani yake kuliko hali iliyopo sasa, ambapo kila mtu ana chake na cha wote hakina mtu.

Tena tusijidanganye kwamba umoja wa mali unajitunza wenyewe kwa moyo mwema. Uzoefu wa nchi yetu unatufundisha vingine. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Lilikuwa jambo la haki kwa wakati wake, kwani kodi za mijini zilikuwa zimekuwa chombo cha unyonyaji. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Katika miaka yote hiyo mpangaji wa majengo yale ya ghorofa tatu au nne ya Upanga na Kisutu alipata makazi kwa kodi nafuu, lakini hakupata sauti rasmi juu ya ngazi aliyoipanda kila siku. Taa ya ngazini ikiungua, alisubiri Shirika. Shirika lilisubiri kodi. Kodi nayo haikutosha kununua hata rangi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ngazi ikabaki gizani.

Mfano mkali zaidi uko Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yaliyokuwa ya familia moja moja yalitwaliwa na kugawiwa familia nyingi zilizokuwa hazina makazi ya maana. Haki ya kukaa ilitolewa. Wajibu wa kutunza haukugawiwa pamoja nayo. Majumba yale ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Maji yakiingia kutoka juu, boriti huoza kichwani, mahali zinapoingia ukutani, ambapo hakuna macho yanayopaona. Familia ya chini haikuwa na sababu ya kupanda kutazama paa, na familia ya juu haikuwa na fedha za kulitengeneza peke yake. Mamlaka ya kuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo majumba yameendelea kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 iliporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib lenyewe, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa la Serikali, si la familia nyingi, lakini linaonyesha jinsi ukuta wa zamani usivyosubiri. Zanzibar nayo ilitunga mwaka 2010 sheria yake ya umiliki wa sehemu za majengo. Hiyo ni sheria nzuri iliyokuja baada ya majumba mengi kuondoka.

Sumbawanga haina majumba ya matumbawe na haitarajii watalii kwa maelfu. Wako hata wanaocheka wakisikia neno "urithi" likitumiwa kwa duka la bati na matofali. Hatuoni la kuchekesha. Katika uwanda huu huu yalisimama malungu, zile tanuru ndefu za udongo, zenye kimo kuliko mtu, ambamo mafundi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma bila kuvukuta, upepo ukijiingilia wenyewe matunduni. Mengi yameachwa yakaliwa na mvua kwa sababu kila mtu alidhani ni ya mwingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kumbukumbu, lakini tangazo la Serikali haliezeki. Nyumba huhifadhiwa na mtu anayelala ndani yake, akijua kwamba kesho bado atalala humo.

Hapa ndipo tunapotaka Halmashauri ya Manispaa itusikilize. Wananchi wa Majengo, Mazwi na Katandala hawawezi kuitumia sheria ambayo hawajawahi kuelezwa kwa lugha wanayoielewa. Upimaji wa sehemu za jengo unahitaji mpima ardhi na ramani, na gharama yake kwa jengo moja dogo inaweza kuwatisha warithi hata kabla hawajaanza. Lakini mtaa mzima ukipimwa kwa pamoja, chini ya usimamizi wa Manispaa, gharama hugawanyika. Wakulima wa Ufipa wanaujua utaratibu wa kualikana shambani, leo kwako kesho kwangu, pombe ya ulezi ikiwa tayari. Wataalamu wa ardhi nao wanaweza kuufikiria kidogo badala ya kumngojea kila mwananchi aje na faili lake.

Michango nayo isiachwe ining'inie hewani. Kanuni za kila chama cha wenye nyumba zitaje mambo bayana: nani anashika fedha, ni kiasi gani kinachangwa kila mwezi kwa kadiri ya ukubwa wa sehemu ya mtu, nani anapanda juu kukagua bati kila mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, na mwenye duka la mbele haruhusiwi kubomoa ukuta wa kubeba jengo ili apate kioo kikubwa cha kuonyeshea bidhaa. Hili la mwisho si dogo. Jengo la maduka lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 25, na ilielezwa wakati ule kwamba kazi za ujenzi zilikuwa zikiendelea chini yake. Kwenye jengo la wengi, nyundo ya mmoja ni jambo la wote. Mgogoro ukizuka, Baraza la Ardhi na Nyumba lipo hapa hapa Sumbawanga, na ni rahisi zaidi kwake kuamua penye kanuni zilizoandikwa kuliko penye kumbukumbu za mashangazi wanaokinzana.

Linabaki suala la wapangaji, na ndilo linalotuhangaisha kuliko yote. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kinga ya mpangaji ni mkataba wake, na mpangaji wa chumba cha uani mara nyingi mkataba wake ni salamu za asubuhi. Tukigawa hati za sehemu kwa warithi peke yao, tutakuwa tumeokoa ukuta na kumtupa nje aliyeutegemeza kwa miaka ishirini. Fundi cherehani wa barazani, mama muuza maharage, mwalimu mstaafu wa chumba cha mwisho, hawa ndio waliozibua mfereji usiku wa mvua wakati wenye nyumba walikuwa mbali.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mahali warithi wanapotaka kuuza, na Manispaa inapoombwa kibali cha kugawa au kubomoa jengo la namna hii, mpangaji wa muda mrefu apewe nafasi ya kwanza ya kununua sehemu anayoikalia, kwa bei itakayothaminiwa na mthamini wa Serikali badala ya ile inayotajwa na mwenye haraka. Na alipe kwa awamu. Benki ya Nyumba iliyoweza kumsaidia ilikwisha kufa mwaka 1995, na benki za leo hazina hamu na mkopo mdogo wa chumba na nusu ya ukumbi. Vyama vya akiba na mikopo vya mjini viulizwe kama vinaweza kuishika kazi hiyo, na madiwani wetu walipeleke suala hili katika kikao cha Halmashauri kabla kibali kingine cha kubomoa hakijatolewa.