Cartland wa bungeni

Ronald Cartland hukumbukwa zaidi kwa kuuawa kwake Mei 30, 1940, jeshi la Uingereza likirudi nyuma kuelekea Dunkirk. Kwa maoni yangu, ujasiri wake mkubwa zaidi ni wa Agosti 2, 1939. Waziri Mkuu Chamberlain alitaka Bunge liende likizo hadi Oktoba 3; Cartland, mbunge wa chama hichohicho cha Conservative, tena wa Birmingham kama bosi wake, akasimama kumpinga, akionya kwamba ndani ya mwezi mmoja huenda wakawa vitani na pengine wakafa. Baadhi ya wenzake chamani walitaka aadhibiwe. Septemba 3 Uingereza ikaingia vitani.

Mtu atasema kunena ni rahisi, kufa ndiko kugumu. Hoja hiyo ingesimama kama angekuwa mpiga domo tu, lakini tayari alikuwa ofisa wa jeshi la akiba. Alipotaja kufa alijitaja mwenyewe. Mwingine atasema hotuba haikubadili kitu, serikali ikashinda kura. Kweli, ilishinda. Ila askari huenda vitani na kikosi ubavuni. Cartland, akiwa na miaka 32, aliwakabili watu wa upande wake, wenye uwezo wa kumnyima kiti.